Imani ya Siku za Kazi: Namna ya Kupanga Neno, Sala na Kusudi Ukiwa Kigoma

Kabla jua halijachomoza, simu ya Mkristo wa Kigoma imeshajaa. Kundi la kwaya limetuma picha ya waridi yenye mstari wa Biblia, kundi la ukoo limetuma picha ileile, na shangazi aliyeko Dar es Salaam kaituma tena, safari hii ikiwa na muziki. Unajibu "Amina", unaitia simu mfukoni, unakwenda zako kazini. Saa sita mchana ukiulizwa mstari ulikuwa upi, huna jibu. Si kwamba huna imani. Neno lile halikupata pa kushika katika siku yako. Halikujua kwamba leo unadaiwa kodi ya pango, wala kwamba mtumbwi umerudi mtupu, wala kwamba umenuniana na jirani wa meza ya pili sokoni.

Mwongozo huu unahusu namna ya kulipatia neno pa kushika. Nimeuandika nikiwafikiria wavuvi wa Kibirizi na Katonga, akina mama wa dagaa, vijana wa bodaboda pale Mwanga, walimu, wauguzi, mafundi, na wakulima wa Kasulu na Buhigwe wanaoshuka mjini na magunia ya maharage. Siku yao haifanani na siku ya mchungaji. Msimamo wangu nausema mapema: lile kusudi la Mungu linalohubiriwa kwa vipaza sauti kwenye mikutano ya nje, sehemu yake kubwa utaikuta ndani ya kazi ya leo, kwa mtu unayemjua kwa jina. Ukilisubiri lije kwa ndoto kama za Yusufu, utasubiri sana.

Mahitaji

Biblia unayoielewa. Ile ya Muungano ya mwaka 1952 wengi wetu tumeizoea masikioni, na Kiswahili chake kikishaingia kichwani hakitoki. Habari Njema ni nyepesi zaidi kwa watoto na kwa anayeanza. Chukua pia daftari la kawaida la shule na kalamu. Najua Biblia imo kwenye simu, lakini simu hiyohiyo ina kundi la ukoo, matokeo ya mpira, na meseji ya mkopo wa kausha damu unaokukumbusha marejesho. Kama huna njia nyingine, zima data kwanza ndipo ufungue.

Muda ni dakika kumi na tano. Anayekuambia lazima iwe saa nzima, mwulize nani anamkokea moto.

Hatua ya kwanza: tafuta saa yako

Hapa ndipo wengi hukwama kabla ya kuanza. Wamefundishwa kwamba saa ya Mungu ni alfajiri, basi. Kweli Marko 1:35 inasema Yesu aliondoka alfajiri na mapema akaenda kuomba mahali pasipo na watu. Lakini Luka 6:12 inasema alikesha usiku kucha katika kuomba, Danieli aliomba mara tatu kwa siku, na mwenye Zaburi ya 55 anataja jioni, asubuhi na adhuhuri, akianzia na jioni. Hakuna saa iliyo takatifu kuliko nyenzake.

Sasa angalia kazi yako. Mvuvi wa dagaa anaingia ziwani jioni, anavua usiku kwa taa, anarudi mwaloni asubuhi akiwa hoi. Kumwambia aombe alfajiri ni kumwambia aombe huku anavuta wavu. Saa yake ni alasiri, akishaamka na kula, kabla ya kuteremka ufukweni. Mama anayenunua dagaa kwake, yeye alfajiri yuko majini mpaka magotini anagombea bei, hivyo usimsumbue. Lakini kuanzia saa nne, dagaa wakiwa wametandazwa juani, kuna kukaa. Lazima mtu akae, la sivyo kunguru na mbuzi watafanya karamu, na kipindi cha mvua lazima jicho liwe mawinguni, maana wingu moja kutoka upande wa ziwa linaweza kuondoka na mtaji. Ukaaji ule ndio kanisa lake la siku za kazi. Daftari liwe ndani ya mkoba, pamoja na chupa ya maji.

Kijana wa bodaboda ana kijiwe, na kijiweni kuna saa iliyokufa, baada ya wanafunzi na wafanyakazi kufika na kabla ya watu wa sokoni kuanza kurudi. Muuguzi wa zamu ya usiku anaijua saa yake mwenyewe. Mwalimu ana dakika zile za kabla ya kengele, akiwahi. Anayeishi Ujiji au jirani na Ujiji ana msaada wa bure: adhana ya alfajiri inamwamsha kila siku bila kukosa. Majirani wanaamka kuswali. Amka nawe uombe, badala ya kuvuta shuka na kulalamika.

Kwa familia za wavuvi kuna kalenda nyingine tena, ya mwezi. Mbalamwezi inapokuwa kali, taa hazivuti dagaa vizuri na mitumbwi mingi inalala. Baba yuko nyumbani usiku. Basi ibada ya familia nzima ipangieni siku hizo, na siku za giza kila mtu ajishike na daftari lake. Nimeona familia zikijilaumu kwamba "hatusali pamoja kila siku", wakati baba hajalala nyumbani wiki mbili kwa sababu ya kazi. Mungu aliyeuweka mwezi anajua mitumbwi inatoka lini.

Hatua ya pili: shika kitabu, usiokoteze mistari

Mstari mmojammoja uliookotwa huku na kule unafanana na dagaa aliyenyofolewa kichwa na mkia: unakula, ila huwezi kusema alikuwa samaki gani. Chagua kitabu kimoja usome kidogokidogo mpaka kiishe. Marko ina sura 16 na mambo yake mengi yanatokea kando ya ziwa, kwa hiyo mtu wa Kigoma hahitaji kuelezwa dhoruba ni nini. Ruthu ina sura 4, Wafilipi 4, Yakobo 5. Mithali ina sura 31, moja kwa kila tarehe ya mwezi mrefu. Zaburi za 120 mpaka 134, zile za kupanda mlima, karibu zote ni fupi, zinamtosha hata aliyechoka.

Nitoe mfano wa hasara ya kuokoteza. Yeremia 29:11 ndio mstari unaotumwa kuliko yote: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Mtu anautuma Jumatatu akitarajia Ijumaa mambo yamefunguka. Fungua sura yote. Ile ni barua. Imeandikwa kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, na mstari wa 10, uliotangulia palepale, unawaambia watakaa huko miaka 70. Maana yake wengi waliosomewa barua ile walizikwa ugenini. Rudi nyuma zaidi, mstari wa 5: jengeni nyumba, pandeni bustani, mle matunda yake. Wa 7: utakieni amani mji ule mliohamishiwa, mkauombee.

Hapo neno limebadilika kabisa. Linakuambia panda bustani katika mji usioupenda. Mwalimu aliyepangiwa kijiji cha mbali huko Uvinza, na kila siku anaandika barua ya uhamisho, akiisoma Yeremia 29 yote atapata faraja ya aina nyingine, na ya kudumu zaidi kuliko waridi la alfajiri. Aliyekimbia vita ng'ambo ya ziwa au ya mpaka akajikuta kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, hahitaji mtu wa kumfafanulia. Mara nyingi ndiye atakayekufafanulia wewe.

Wafilipi 4:13 nayo ni hivyohivyo. "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu" inabandikwa kwenye vioo vya daladala kana kwamba inahusu kulipita gari la mbele. Mstari wa 12 unataja mambo yenyewe: kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Paulo anasema anaweza kulala njaa bila kumwacha Bwana.

Hatua ya tatu: andika mistari mitatu

Usiandike mahubiri. Mistari mitatu tu, kila siku, chini ya tarehe. Wa kwanza: kifungu kimesema nini, kwa maneno yako. Wa pili: kinanidai nini leo. Wa tatu: jina la mtu.

Chukua Luka 5:1-11. Wavuvi wamekesha, hawakupata kitu, wametoka mtumbwini wanaosha nyavu. Tusimame hapo kidogo, maana mhubiri asiyejua ziwa hupita mbio. Wavu ukishaoshwa, kazi imefungwa. Umetoa takataka, umeangalia palipochanika, sasa unawaza kitanda. Halafu anakuja mtu, mwana wa seremala, anakuambia urudi ushushe tena, mchana kweupe. Simoni anajibu: "Bwana mkubwa, tumefanya kazi ya kuchosha usiku kucha, tusipate kitu, lakini kwa neno lako nitazishusha nyavu." Yeyote aliyewahi kusimama Kibirizi asubuhi ya mitumbwi mitupu anaisikia sauti ile ilivyokuwa. Haikuwa sauti ya shangwe. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka anayekubali.

Na kuna mwisho wa habari ambao hautajwi sana. Samaki walijaa mpaka mitumbwi miwili ikakaribia kuzama, halafu wale jamaa wakaacha vyote wakamfuata. Kwa hiyo kifungu hiki hakiwezi kuwa ahadi kwamba ukitii utajaza mtumbwi, kwa sababu waliojaza mtumbwi waliuacha ufukweni.

Mvuvi anaweza kuandika hivi:

"Petro alikuwa ameshaosha nyavu, akashusha tena kwa sababu ya neno, si kwa sababu ya matumaini.
Leo nitamwendea tena tajiri wa mtumbwi tuzungumze hesabu zetu, ingawa mara ya mwisho tuliachana vibaya.
Jina: baba Shukuru."

Mama wa dagaa akisoma kifungu hichohicho anaweza kuona kitu kingine kabisa, wale wenzao wa mtumbwi wa pili walioitwa waje kusaidia. Akaandika: "Baraka ikizidi, paza sauti uite wa pili. Mzigo wa kesho nitachangia na mwenzangu. Jina: mama Zawadi."

Mstari wa tatu ndio unaorukwa sana, na ndio wenye kazi kubwa. Ukikosa jina, imani yako inabaki hewani. Jina lisiwe la kiongozi wala la mtu maarufu. Liwe la mtu utakayekutana naye kabla ya usiku, au utakayeweza kumpigia. Ikitokea jina moja linajirudia na wewe hutaki kuliandika, umeshajua pa kuanzia.

Asiyejua kusoma na kuandika hajafungiwa nje. Mjukuu asome, bibi aseme mistari yake mitatu kwa mdomo, mjukuu aandike. Daftari la namna hiyo, lenye maneno ya bibi kwa mwandiko wa mtoto wa darasa la tano, ni urithi kuliko kabati la vyombo.

Hatua ya nne: lipeleke neno kwenye sado

Wakristo wengi tunapenda kuuliza kusudi letu ni nini huku tumeshika kipimo kisicho halali. Waefeso 2:10 inasema tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema, ambayo Mungu aliyatengeneza tangu awali ili tuenende nayo. Tuenende nayo. Hayo ni mambo ya barabarani na sokoni.

Angalia kipimo cha dagaa kwa karibu. Kuna sado nzima, na kuna sado iliyogongwa chini ikaingia ndani, ukiitazama kwa juu huoni. Kuna kujaza kwa kumimina taratibu ili dagaa wakae kwa kuegemeana na kuacha uwazi katikati. Kuna dagaa wa vichanja, safi, na kuna walioanikwa mchangani, kisha wakachanganywa juu juu na wale wasafi ili mteja wa Tabora au Dar aone weupe akifungua kiroba, na mchanga aukute nyumbani jikoni. Wauzaji wanajua. Wateja wanajua. Mithali 11:1 nayo inajua: "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza."

Kwa hiyo hatua hii ni ya vitendo: chagua kitu kimoja katika kazi yako kinachonuka kidogo, ukinyooshe wiki hii. Kimoja tu. Mama wa dagaa abadilishe sado. Fundi cherehani amwambie mteja siku ya kweli ambayo gauni litakuwa tayari, aache "kesho, dada yangu" ya kila siku. Bodaboda asimwongezee nauli mgeni aliyeshuka treni usiku na asiyejua Mwanga ni wapi. Mwalimu asahihishe madaftari aliyoyalundika. Mkulima asichanganye maharage ya msimu uliopita na mapya. Mtu wa ofisi ya umma asimwambie mzee wa kijijini "njoo kesho" kwa jambo la dakika tano.

Je, utapata hasara? Mwanzoni huenda ukapata. Sitakudanganya kwamba ukibadilisha sado leo, kesho wateja watapanga foleni. Wapo wauzaji waaminifu ambao bado wanahangaika na wapo wadanganyifu waliojenga. Tunafanya kwa sababu Bwana anapendezwa, na Wakolosai 3:23 inatutaka tufanye kazi kwa moyo, kama kwa Bwana na si kwa wanadamu. Kama imani yako ilikuwa ya kupandisha mauzo, nadhani hapa utakata tamaa, na ni heri uikate mapema.

Hatua ya tano: mtie moyo mwingine, kwa akili

Ukishakuwa na jina kwenye daftari, utataka kusema neno. Kanuni yangu ni fupi: usisambaze, andika. Mstari mmoja wa Biblia ukitaka, sentensi moja yako mwenyewe yenye jina lake, na jambo moja utakalofanya. Kwenye simu ya kitochi meseji ya kawaida inatosha. Kwa asiyesoma, piga au rekodi sauti.

Kwa mama ambaye mwanawe hakufaulu kidato cha nne, usimwandikie kwamba Mungu anafunga mlango ili afungue dirisha. Mwandikie: "Shikamoo mama. Nimesikia matokeo ya Baraka. Najua ulivyouza mawese miaka yote hii kwa ajili yake. Jumamosi nitapita nizungumze naye habari za kurudia mtihani na za ufundi, kama utaruhusu. Nawaombea." Hapo kuna heshima, ukweli, na miguu itakayotembea.

Kwa mwenzako aliyefiwa, afadhali ukae kimya kuliko kuhubiri. Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hizo ndizo siku walizofanya vizuri. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu. Msibani beba kuni, chota maji, osha sufuria, lala kwenye mkeka na wafiwa. Usiseme "Mungu amempenda zaidi". Hujatumwa kusema hivyo. Na mwezi mmoja baadaye, turubai likiwa limeshaondolewa na rambirambi zimekwisha, ndipo upite na kilo moja ya sukari. Wakati huo hakuna anayepita.

Kama wewe ndiye unayeombwa kutoa neno kwenye jumuiya, kwenye kikundi cha akina mama au kwenye sala ya asubuhi kazini, dakika tano zinatosha: soma kifungu, sema umeona nini, sema kitafanyika nini, omba, kaa. Na ninaomba kwa unyenyekevu tuipumzishe ile meli yetu Liemba. Ni kweli Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa 1924 na mwaka 1927 ikarudi kazini, na ni kweli inavutia. Lakini kila mhubiri anayepita Kigoma ameshaizamisha na kuiopoa mbele yetu. Tafuta kitu chako.

Hatua ya sita: siku mbaya

Zipo, na daftari lisilo na siku mbaya lina uongo ndani yake. Mwaka 2024, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana, zilikuwepo nyumba ambazo ada, kodi na ugali vyote vilikuwa vinatoka majini. Sababu ya kufunga inaeleweka. Njaa nayo inaeleweka. Siku kama hizo usijilazimishe kuandika shukrani tamu. Biblia ina maneno kwa ajili yake. Zaburi ya 13 inaanza: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Zaburi ya 88 inamalizika gizani, haina hata kifungu cha kufarijiana. Habakuki 3:17 inahesabu vilivyokosekana kimoja kimoja, mtini, mizabibu, mizeituni, mashamba, kondoo, ng'ombe, ndipo mstari wa 18 useme hata hivyo nitamfurahia BWANA. Nabii aliorodhesha kwanza. Nawe orodhesha: hakuna dagaa, hakuna mtaji, kikoba kinadai, mtoto karudishwa nyumbani kutoka shule. Andika yote. Kisha kama "hata hivyo" inakuja, iandike. Isipokuja leo, acha nafasi kwenye ukurasa.

Ukidhani wakubwa wa imani hawakuandika hivyo, nenda Ujiji kwenye kumbukumbu ya mmisionari Livingstone. Alirudi pale Oktoba 1871 kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa huko Kongo, mgonjwa, amekonda, akakuta bidhaa alizozitegemea zimeuzwa zote. Akaandika kwamba alijiona kama yule mtu aliyeshuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko akaangukia mikononi mwa wanyang'anyi, ila yeye hakutarajia kuhani, Mlawi wala Msamaria kupita. Mtu huyu alikuwa ameisoma Biblia nzima mara nne akiwa Manyema, na bado siku ile hakuona njia. Siku chache baadaye Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, akaingia Ujiji na chakula, dawa na barua. Ninachokipenda katika habari hii ni yale maandishi ya kabla ya Stanley. Hakuyafuta baadaye ili aonekane shujaa.

Mambo mawili ya tahadhari. La kwanza, siku mbaya ndiyo siku ya wauza faraja. Mtu akikuambia neno lako la mwaka liko tayari ila utangulize "mbegu" kwa namba ya simu, au mafuta ya upako yana bei, jibu lako liwe fupi. Petro alimjibu Simoni mchawi katika Matendo 8:20, soma mwenyewe, alikuwa mkali. La pili, huzuni isiyoisha wiki baada ya wiki, kukosa usingizi, kutamani kufa, hayo yapeleke pia kwa daktari, pale hospitali ya Maweni au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Luka alikuwa tabibu, na Paulo alimshauri Timotheo kuhusu tumbo lake badala ya kumwambia aombe tu. Dawa ya presha au ya VVU isiachwe kwa sababu ya unabii wa mtu yeyote.

Hatua ya saba: jioni

Fupi. Kabla ya kulala, au kabla ya kuingia ziwani ikiwa ndiyo zamu yako, tazama jina uliloandika. Ulimfikia? Weka alama. Hukumfikia? Liandike tena kesho. Soma Zaburi 4:8, "Katika amani nitajilaza, na kupata usingizi mara", zima taa. Ukiruka siku, usilipe deni kwa kusoma sura kumi Jumamosi. Andika tarehe ya leo uendelee.

Wiki ya kwanza, kwa anayetaka kuanza kesho

Jumatatu soma Marko 1:16-20, watu wanaitwa wakiwa kazini, wengine wakitengeneza nyavu. Jumanne Marko 1:35-39, uone watu walivyomtafuta Yesu hadi mahali pake pa siri, ili usishangae watoto wakikukatiza. Jumatano Marko 4:35-41, dhoruba, naye Yesu kalala, kichwa kwenye mto. Alhamisi Marko 6:45-52, wanafunzi wanataabika kwa makasia na upepo ni wa mbisho, na Yesu anawaona kutoka nchi kavu muda mrefu kabla ya kuwaendea. Kaa hapo kwenye kuonwa kabla ya kuokolewa. Ijumaa Marko 12:41-44, mjane na senti zake, na siku hiyo tazama kipimo chako cha kazini. Jumamosi hamia Yohana 21:1-14, wavuvi wamekesha bure tena, na ufukweni kuna moto wa makaa, samaki, mkate, na Bwana anasema, "Njoni mfungue kinywa," yaani njoni mle. Kama unaweza, siku hiyo mpe mtu chai.

Jumapili usiandike. Nenda ibadani, ukitoka mtafute yule ambaye jina lake limejirudia zaidi wiki hiyo, msalimiane kwa mkono. Jumatatu inayofuata fungua Marko sura ya kwanza, mstari wa kwanza, uanze kitabu chote.